Saa ya Rubani Mkononi mwa Kaka

Kaka yangu hajawahi kupanda ndege. Nalisema hili mapema ili baadaye nisionekane namsengenya. Amefika uwanja wa ndege mara moja tu, siku alipomsindikiza mama mkwe wake kwenda Hija, na hata siku hiyo askari alimzuia mlangoni. Basi mtu huyo huyo, muuza vitenge wa Gitega, ndiye aliyerudi kutoka Muyinga mwaka juzi akiwa na saa ya rubani mkononi.

Tena si saa ya kuigiza. Mimi ni fundi saa, nilirithi meza kutoka kwa baba yetu, na saa za kuigiza nazijua kwa harufu. Hii ilikuwa halisi. Aliipata kwa mfanyabiashara mwenzake wa upande wa Tanzania, kwa mabadilishano ambayo hadi leo hayajaelezwa vizuri. Kila akisimulia, kinaongezeka kitu upande mmoja na kupungua upande mwingine. Alipoivaa mara ya kwanza alikuja nayo moja kwa moja mezani kwangu, akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, kiwiko ambacho hakikuwa na saa yoyote, akaniambia: "Mudogo wangu, mi leo sitaki betri. Nataka unielezee hii kitu iko inafanya nini."

Nilihitaji wiki nzima. Nilisoma kwenye simu, nikachimbua makaratasi ya zamani ya Kifaransa aliyoyaacha baba, nikaunganisha moja na moja. Marubani wa kwanza, nilimweleza, walikuwa wanafunga saa pajani, juu ya makoti mazito, saa hiyo ikiwa na kifundo kikubwa pembeni ili kishikike hata ukiwa umevaa glavu. Baadaye ikapanda hadi mkononi. Wakaiongezea vitufe vya kupimia muda, kwa sababu rubani asiyejua amechoma mafuta ya dakika ngapi hana haja ya kujua mambo mengine. Wakaizungushia pete ya namba ya kupigia hesabu. Ikawa nzito, ikajaa vitu, hadi wakatokea mafundi waliosema basi, tuondoe vitufe vyote, kifundo kimoja cha pembeni kifanye kila kazi. Wakaiunda kwa titani, chuma chepesi usichokisikia mkononi. Mishale wakaiacha mahali pake, wakaongeza vidirisha viwili vya namba, na humo ndani wakatia saa ya nchi ya pili, kengele, kipima muda cha kwenda mbele, kipima muda cha kurudi nyuma, tarehe, na mlio wa kukuhesabia saa na dakika gizani.

Watu wenye akili walihangaika karibu miaka mia moja ili saa hiyo ifike hapo ilipofika. Kaka alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza kama ile ya kurudi nyuma inaweza kupima maharage.

Ikapima maharage. Shemeji yangu, ambaye amepika maharage miaka ishirini bila msaada wa anga, alianza kutangaziwa kutoka sebuleni kwamba bado dakika kumi na mbili. Ikapima hotuba za Ijumaa, na mhubiri wetu alipogundua kwamba mtu wa safu ya pili anabonyeza kitu kila anapoanza kuzungumza, alizidisha urefu kwa makusudi. Ikapima muda anaotumia mteja kubembeleza bei ya kitenge. Iliandikwa mgongoni kwamba inavumilia maji ya kina cha mita mia, na kaka, ambaye mvua ikianza huvua viatu akavificha ndani ya shati, aliwasomea watu maandishi hayo mtaa mzima.

Wanaume wa mtaa wetu wa Waswahili walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Walikaa, wakapewa chai, wakaishika kwa zamu, wakashangaa vile ilivyo nyepesi. Kila mmoja aliuliza saa ngapi, ingawa kila mmoja alikuwa na simu mfukoni. Hapo ndipo nilipoelewa biashara yangu imekwenda wapi. Baba alitengeneza saa za kutia ufunguo za walimu na makarani, watu waliotaka kujua saa. Mimi nilikuta za betri. Kisha simu zikaja zikaua kazi, nikabaki nabadilisha mikanda. Na sasa kwa kuwa kila mtu anajua saa bure, saa imepata kazi nyingine kabisa, nayo ni kutazamwa na wengine. Ukitaka kujua muda, tazama simu. Ukitaka wengine wajue wewe ni nani, vaa mashine ya kuongozea ndege na uende nayo sokoni kununua ndizi.

Nacheka, lakini sina haki kubwa ya kucheka. Siku nilipoifungua mgongo, nikaweka lenzi jichoni, sikuitoa mpaka chai yangu ikapoa. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa adabu. Niliipenda ile saa kuliko kaka alivyoipenda, kwa sababu mimi nilijua ninachokipenda. Nilipoifunga, watu wakiwa wamesimama kuzunguka meza, nilitamka kwa sauti ya fundi: "Hii haikosei. Binadamu ndiye anayekosea." Maneno hayo kaka aliyabeba akaenda nayo kila mahali. Hakuna aliyeyasikia ambaye hakuambiwa kwamba yametoka kwa fundi, mdogo wake wa damu.

Sasa nije kwenye jambo langu.

Nilikuwa mgane kwa miaka sita. Mke wangu alifariki akaniacha na watoto wawili wakubwa, nao wakaoa na kuolewa, nikabaki na meza. Siku moja alikuja mezani mwanamke mmoja, mshonaji nguo, amekuja Gitega kutafuta vifaa vya cherehani, na saa yake ndogo ya mkononi imesimama. Nilimwambia kama mafundi wote tunavyosema: "Acha, rudi kesho." Akaniuliza kesho kuna nini ambacho leo hakipo. Akaniambia kwa Kiswahili safi cha upande wa Tanzania: "Kama unaweza kuitengeneza, itengeneze. Kama huwezi, sema huwezi, nitakushukuru vilevile. Ila usinizungushe." Akavuta kigoda akakaa. Niliitengeneza kwa dakika saba, naye akiangalia, na skrubu moja ndogo kuliko punje ya ufuta iliniponyoka mara mbili.

Kiswahili kile alikipata katika kambi ya wakimbizi. Alizaliwa na kukulia Tanzania, baba yake alikimbilia huko akiwa kijana, wakarudi Burundi yeye akiwa mtu mzima, wakapewa tena shamba la babu huko Butihinda, mkoani Muyinga, karibu kabisa na mpaka. Majirani zao wengi ni Wakristo waliorudi nao; wao ni Waislamu, wachache lakini wanajulikana. Aliolewa, akaachika, hakuwa na mtoto. Tulizungumza kwenye simu miezi minane. Nikajikuta asubuhi nafungua meza nikiwa natabasamu peke yangu, mtu wa miaka arobaini na tisa. Nilimtaka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Akaniambia: njoo kwa baba. Lakini akanionya. Baba yake alisimama kwenye foleni nusu ya maisha yake. Alingoja lori la chakula, alingoja karatasi, alingoja kuitwa jina, alingoja amani. Siku aliyovuka mpaka kurudi nyumbani aliapa kwamba hatamngoja mtu tena. Ukimwambia saa nne na ukafika saa nne na robo, unamkuta shambani, na shambani huko haitwi.

Kuna jambo jingine la huko, nalo lazima nilieleze. Tanzania wako mbele yetu kwa saa moja. Butihinda iko karibu na mpaka kiasi kwamba simu hunasa mawimbi ya upande wa pili, na ikishanasa hubadilisha saa yenyewe, bila kukuuliza. Ndiyo maana huko mtu akikupa miadi unamwuliza: saa ya huku au ya huko? Nilimwuliza mzee swali hilo kwenye simu. Alijibu: "Ya Burundi, mwanangu. Nimeishi miaka mingi kwa saa ya watu. Njooni Jumamosi saa nne, saa ya nyumbani."

Msemaji wa posa alikuwa kaka. Baba yetu hayupo, kaka ndiye aliyenilea, na kwetu mtu haendi kujiposea. Msafara ulikuwa wa watu wanne: kaka, shangazi yetu, mimi, na rafiki wa kaka aliyetutolea gari lake na kuliendesha. Kwa desturi, msemaji ndiye mkuu wa safari. Akisema tusimame tunasimama, akisema twende tunakwenda, na ukiwa mdogo wake hufungui mdomo mpaka uulizwe. Kaka alilipokea jukumu hilo kwa moyo wote. Usiku uliotangulia aliniita niipange saa yake: mishale ikae kwenye saa ya Burundi, kidirisha cha chini kioneshe ya Tanzania. Nikaipanga kwa mikono yangu miwili. "Donc," alisema kwa Kifaransa chake cha sokoni akiitazama, "kwa hiyo sasa hata tukianguka Tanzania tuko sawa."

Tuliondoka Gitega baada ya sala ya alfajiri. Barabara ilikuwa nzuri, shangazi akilala, kaka akitusomea mwendo kwa kipima muda: hadi Karusi dakika kadhaa, hadi Gasorwe dakika kadhaa. Tukaingia mjini Muyinga saa mbili na dakika kumi, na kwa kuwa ilikuwa mapema hivyo, kaka aliamua tuingie kwa wafanyabiashara wenzake wawili, tunywe chai. Sikuona ubaya. Kutoka hapo hadi Butihinda ni mwendo mfupi barabara ikiwa kavu.

Chai ikaja, na maandazi, na sambusa. Na bila shaka wenyeji wakauliza juu ya saa.

Kaka akaivua. Akawaeleza juu ya marubani waliofunga saa pajani, akawaeleza glavu, titani, mita mia, kila neno nililomfundisha, isipokuwa alinisahau mimi. Kisha akasema: "Sasa angalia. Rubani ametoka hapa, ameshuka Dar es Salaam. Atapanga tena saa yote? Non. Anafanya hivi."

Lazima muelewe kile kifundo. Ukikivuta kidogo ukakizungusha polepole, unasogeza dakika. Ukikizungusha kwa haraka, mshale wa saa unaruka saa nzima kwa mpigo mmoja, na mshale wa dakika hautikisiki. Ni ufundi mzuri sana, ulibuniwa kwa watu wanaovuka nchi tatu kabla ya chakula cha mchana. Kaka akazungusha, mshale ukaruka kwenda mbele: saa ya Tanzania. Wenyeji wakapiga makofi. Akazungusha kurudi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, macho yangu hayajui kutazama kitu kingine, nikaona mshale ukirudi mara moja, na kidole chake kikateleza kwa mafuta ya sambusa, ukarudi mara ya pili.

Akakirudisha kifundo ndani. Akavaa saa. Akaitazama mishale, si kidirisha, akafurahi.

"Saa moja na nusu tu! Chauffeur, we ni mtu. Umetuleta kama ndege."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Dereva alisifiwa na wote kwa kasi ambayo hakuwa nayo. Birika la pili likaagizwa.

Nimeulizwa mara nyingi, na mimi mwenyewe nimejiuliza zaidi ya wote, kwa nini sikusema pale pale. Nina majibu mengi na yote yana aibu. La kwanza ni kwamba alikuwa msemaji wangu, mbele ya wenzake, na mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Nilijiambia nitamnong'oneza tukitoka. La pili ni kwamba mimi ndiye niliyetangaza kwamba saa ile haikosei. Kila mtu pale mezani alikuwa ameshaambiwa maneno ya fundi, na fundi mwenyewe yuko mbele yao anatafuna andazi. Niseme nini? Kwamba imekosea? La tatu ni ujinga mtupu: nilidhani chai itaisha haraka.

Chai haikuisha. Tulipotoka kwa saa ya kaka ilikuwa saa tatu kasoro robo, na kwa saa ya dunia saa nne kasoro robo. Nilimsogelea mlangoni, nikasema, "Kaka, kuna jambo." Akanishika bega mbele ya wenyeji, akacheka: "Anaogopa! Mwana wa mama, tulia, mi nitasema yote." Wakacheka nao. Nikaingia garini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku upande ule. Barabara ya udongo ilikuwa tope, gari likienda kwa kuteleza. Katikati ya njia shangazi aliamka, akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka mbali na macho yake kama wanavyofanya watu wasio na miwani.

"Yoo! Simu yangu inasema saa nne imeshapita. Si tumechelewa?"

Kaka hakugeuka hata shingo. "Shangazi, hiyo simu iko Tanzania tayari. Angalia ule mulima, ule ni wa kwao. Rezo ya simu imeruka. Saa yangu haina rezo, haidanganywi na mutu."

Dereva akatoa yake, ikasema vilevile. "Na hii imeruka," akasema, akairudisha mfukoni. Shangazi akacheka hadi akafuta machozi, akasema simu zetu hazina uzalendo. Ndani ya gari lile simu zote zilisema kweli, na zilichekwa zote. Mimi simu yangu ilikuwa mfukoni, na niliishika humo humo kwa mkono wote ili isitoke.

Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia kaka, mafuta ya sambusa, mvua, mafundi wa nchi ya mbali waliotengeneza kifundo kinachoteleza. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa yule pekee ndani ya gari aliyejua saa ngapi.

Tulifika saa tano kasoro dakika kumi. Kaka alisoma saa nne kasoro dakika kumi, akainyoosha kanzu yake. "Mapema, lakini si mapema sana. Heshima ndiyo hiyo."

Yule mshonaji alikuwa amesimama barabarani, pale njia ya kwao inapoachana na barabara kubwa. Alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la rangi ya zambarau, na viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye vifundo vya miguu, tope la mtu aliyekwenda na kurudi mara nyingi. Alisalimia wakubwa kwa adabu yote. Mimi aliniangalia tu. Akatutangulia nyumbani, akatukaribisha kwenye viti vilivyopangwa vizuri, meza ina kitambaa cheupe, akamtuma jirani akamwite baba yake shambani.

"Mzee ametoka kidogo," alisema.

"Hakuna shida," kaka akajibu, "sisi ndio tumewahi."

Mzee alikuja baada ya muda, jembe begani, ana udongo hadi magotini. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alinawa, akakaa, akatusalimia mmoja mmoja. Kisha akasema: "Tulisema saa nne."

Kaka alikuwa akiingoja sentensi hiyo. Alinyoosha mkono juu ya meza, akabonyeza. Saa ikalia, kengele ndogo safi, mara kumi, kwa kuwa saa nne yetu kwa Wazungu ni kumi; halafu dakika tano. Ilikuwa sauti nzuri. Hata nje watoto wa jirani walinyamaza kusikiliza.

"Saa nne na dakika tano, mzee wangu. Na dakika zenyewe tumezimalizia hapa kitini. Simu za huku zinaruka mpaka, tunajua, mais hii ni saa ya rubani. Haikosei. Muulize huyu, ni fundi, ndiye ameifungua kwa mkono yake."

Mzee hakuitazama saa. Alinitazama mimi.

"Basi nakuuliza wewe, mwanangu. Ni saa ngapi?"

Shangazi aliangalia kitambaa cha meza. Kaka alinigeukia akitabasamu, hana wasiwasi hata kidogo, mtu anayejua kwamba mdogo wake yuko nyuma yake. Binti wa mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, sinia la soda mikononi. Nilijua kila kitu nilichopaswa kukijua. Nilijua ni saa tano na dakika tano, nilijua nikisema hivyo kaka anaanguka mbele ya watu aliokuja kuwaomba kwa ajili yangu, nilijua nisiposema hivyo mimi si fundi tena wa kitu chochote.

"Saa nne, mzee," nikasema. "Na dakika tano."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia bei ya kitu ambacho hakuwa na haja ya kukinunua.

Binti akaja na sinia, akaliweka mezani, akafungua chupa moja moja, akamkabidhi kila mtu yake, kaka kwanza, shangazi, dereva, mimi mwisho. Kisha akasimama wima, akasema kwa kile Kiswahili chake safi:

"Baba alikaa kwenye kiti hiki hadi saa nne na nusu. Tangu turudi nchini sijamwona akimngoja mtu hata dakika moja. Leo alingoja nusu saa, kwa sababu nilimwomba. Mimi niliendelea kungoja kule barabarani." Akaokota vizibo mezani. "Kunyweni soda, wageni wetu. Safari yenu ni ndefu, na barabara ina tope."

Hakuna neno la posa lililosemwa. Kaka alianza hotuba yake mara mbili, na mara zote mbili mzee alimwongezea soda. Tulitoka hapo kwa heshima zote, tukapewa na ndizi za kwenda nazo. Binti alinisindikiza hadi garini pamoja na wengine, akamuaga shangazi, akamuaga kaka, na kwangu akasema, "Fika salama," kama unavyomwambia mtu uliyesafiri naye basi moja.

Nilimpigia simu siku tatu mfululizo. Ya nne alipokea, akanisikiliza nikieleza yote, sambusa, kifundo, mshale uliorudi mara mbili, desturi, kaka. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo ulijua tangu Muyinga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ningekusamehe kuchelewa." Hakukata simu kwa hasira. Aliniaga, kisha akakata.

Kaka yeye alirudi Gitega na maelezo yake tayari. Wale watu wa mpakani, alieleza sokoni, hawajui saa; wameharibiwa na kukaa nchi mbili. Akasimulia hivyo wiki nzima. Kisha Ijumaa alichelewa sala, yeye mwenye saa ya rubani, akakuta watu wanatoka msikitini wanavaa viatu, wakamcheka waziwazi. Akaja mezani kwangu amenuna, akaivua akaiweka juu ya kitambaa.

"Iko na ugonjwa. Iko nyuma saa nzima. Ifungue uone."

Sikuifungua. Nilivuta kifundo, nikakizungusha mara moja kwa haraka, mshale ukaruka mahali pake. Ilichukua sekunde mbili. Nilimrudishia, na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kupoteza tena, nilimwambia yote: kwamba ilirudi nyuma pale Muyinga kwa mkono wake, kwamba niliona, kwamba nilijua njia yote hadi Butihinda, kwamba nilisema uongo mbele ya mzee ili yeye asiaibike.

Kaka alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alinitazama, na sikuona hasira usoni pake, wala aibu. Alikuwa ameshangaa tu, kama mtu aliyeambiwa kitu kisicho na maana.

"Sasa si ungesema tu?" akasema. "Ningeizungusha."